Kizuri Hakijiuzi Kikiwa Kimefungwa

(Hotuba hii niliitoa mbele ya waandishi wanaojichapishia vitabu vyao wenyewe. Wengi hawakuweza kufika, wakaomba maandishi yake. Nimeyaacha kama nilivyoyasema. Nimeondoa kikohozi tu.)

Ndugu waandishi wenzangu, wazee wangu mlioketi mbele, na ninyi vijana mliojibanza karibu na mlango ili mkichoka mtoroke: hamjambo?

Naomba nianze kwa kugombana na wahenga. Wahenga walisema nini? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo imewaponza waandishi wengi kuliko uvivu ulivyowaponza. Mtu anaandika kitabu miaka mitatu, anachapisha nakala 500 kwa akiba yake mwenyewe, anazipanga chumbani, kisha anakaa kusubiri. Ukimwambia azungushe kitabu chake, anaona haya. Anakujibu, "Nikianza kukitembeza, si watu watasema ni kibaya?"

Wahenga hawakukosea. Walikuwa wakizungumzia mkeka, kitambaa, chungu: vitu ambavyo uzuri wake uko nje. Ukipita unauona, ukiushika unaujua. Je, kitabu? Uzuri wa kitabu uko ndani, na kitabu muda mwingi hukaa kimefungwa. Anachokiona mpita njia ni jalada, na jalada la kitabu kibovu nalo linaweza kupendeza. Kizuri chajiuza, nakubali. Lakini hakijiuzi kikiwa kimefungwa!

Kwa hiyo leo sitawafundisha kutangaza. Neno lenyewe linawatisha, naona nyuso zenu. Nitazungumzia kukifungua kitabu mbele za watu, kwa gharama ndogo, bila intaneti, kwa miguu na midomo yetu wenyewe.

Nianze na aibu yangu. Kitabu changu cha kwanza nilikifanyia uzinduzi. Nilikodi ukumbi, viti 80, vipaza sauti, na mpiga picha. Nikaalika mgeni rasmi. Mgeni rasmi alichelewa saa moja na nusu, akaja, akahutubia dakika arobaini juu ya umuhimu wa kusoma. Akafuata mwingine, akazungumzia umuhimu wa kusoma. Utepe ukakatwa, makofi yakapigwa, picha zikapigwa. Pale mezani kulikuwa na nakala 60, kila moja imevikwa nailoni ya kiwandani, inang'aa kama dirisha jipya. Siku ile niliuza nakala nne. Moja aliinunua mama yangu mzazi, na nyingine mpiga picha, nadhani kwa huruma.

Nilifika nyumbani nikiwalaumu watu: watu hawapendi kusoma, watu wanapenda maneno matupu. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuliona lililotokea. Katika saa tatu za kusifu kusoma, hakuna aliyesoma. Hakuna aliyechana nailoni! Hakuna sentensi hata moja ya kitabu iliyosikika ndani ya ukumbi ule, na mwandishi mwenyewe nilikuwepo, nimevaa suti, nimenyamaza.

Sasa swali langu kwenu: mara ya mwisho mtu asiyekujua alisikia sentensi ya kitabu chako lini?

Mnaguna. Gunieni tu.

Njia ya kwanza, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote, ni sauti. Mnamkumbuka Charles Dickens, yule Mwingereza. Alikuwa maarufu tayari, vitabu vyake vinasomwa kila kona, lakini mwaka 1858 alianza kupanda jukwaani na kuwasomea watu hadithi zake kwa kiingilio. Kati ya Desemba 1867 na Aprili 1868 alizunguka Marekani akafanya maonyesho 76 ya kusoma, afya yake ikiwa mbovu. Nisikilizeni vizuri hapa, maana umaarufu wake sisi hatuna, ila kazi aliyoifanya kabla ya kupanda jukwaani tunaiweza. Dickens hakuchukua kitabu akasoma kama kilivyo. Alikata. Alifuta aya nzima, akaunganisha, akaandika pembeni mwa ukurasa maelekezo ya sauti yake mwenyewe: hapa changamka, hapa tisha. Alijua kwamba maandishi ya kusomwa kwa macho na maandishi ya kusomwa kwa sauti ni ndugu, lakini si pacha.

Wangapi kati yetu tumewahi kuandaa nakala ya kusomea? Nakala moja ya kitabu chako, uichafue kwa kalamu. Mimi ninayo hii hapa, mnaiona, inataka kuachana vipande. Kila penye "alisema" nimefuta, kwa sababu sauti yangu inabadilika na msikilizaji anajua nani anasema. Maelezo marefu ya mandhari nimeyapiga mstari. Nikisoma kwa utulivu ninakwenda kama maneno 100 kwa dakika, na nimejipimia dakika nane, kwa hiyo nina maneno 800, kama kurasa tatu hivi za kitabu changu. Kwa nini dakika nane? Kwa sababu dakika ya tisa ndipo watu huanza kutazama viatu vyao. Nimewahesabu.

Na unapokoma, koma pabaya. Koma mlango unapogongwa, kabla haujafunguliwa. Funga kitabu, sema asante, kaa chini. Usieleze kilichofuata! Mwandishi mmoja rafiki yangu alisoma vizuri mno, watu wamekaa kimya kabisa, kisha akaharibu kwa kusema, "Baadaye mtaona kwamba huyu mume ndiye aliyekuwa mwizi." Watu walicheka, wakashukuru, wakaenda zao. Wanunue cha nini?

Utasomea wapi? Hili ndilo watu huniuliza, wakidhani lazima pawe na ukumbi. Pale ambapo watu wameshakaa. Vikundi vya akina mama, mikutano ya vyama vya ushirika, maktaba, mahafali, chumba cha walimu saa ya mapumziko. Omba dakika nane tu. Mwenyekiti wa mkutano wowote ule anaweza kukunyima saa nzima, lakini dakika nane ataona tabu kukunyima.

Njia ya pili ni kukiacha kitabu mikononi mwa mtu ambaye hana pa kwenda. Msicheke. Alikuwapo Mmarekani mmoja, E. Lynn Harris, aliyekuwa akiuza kompyuta. Aliandika riwaya, wachapishaji wakaikataa, akaichapisha mwenyewe mwaka 1991. Akawa anaiuza kutoka kwenye buti ya gari lake, na akaipeleka kwenye saluni za kike. Fikirini akili ya mtu huyu! Mwanamke aliyekaa chini ya mashine ya kukaushia nywele ana muda, hana pa kukimbilia, na amezungukwa na wanawake wengine ambao baada ya dakika chache watamuuliza, "Hicho unachokichekea ni nini?" Mwaka 1994 kampuni kubwa ya uchapishaji iliichukua riwaya ile na kuitoa upya, na vitabu vyake vilivyofuata viliuzwa kwa wingi mno.

Sasa jiulize wewe: msomaji wa kitabu changu hukaa wapi akisubiri? Maana kila mtu husubiri mahali fulani. Kwa kinyozi, kwa fundi cherehani, kwa fundi magari, kliniki, benchi la nje ya ofisi ambako anayehitajika "ametoka kidogo". Kama umeandika juu ya uzazi, mahali pako si duka la vitabu, ni pale wajawazito wanapopanga foleni. Kama umeandika riwaya ya madereva wa malori, mahali pako unapajua.

Hapa sasa nataka nikae kidogo, kwa sababu nakala nzima ni ghali kuiacha ovyo. Tengeneza kijitabu cha kuonjesha. Karatasi ya A4 ukiikunja katikati inakupa kurasa nne ndogo. Karatasi nne, kurasa kumi na sita. Hizo zinatosha sura ya kwanza au tukio moja zuri, na zinapigwa fotokopi popote. Kubana katikati ndiko kunakosumbua, kwa kuwa stepla ya kawaida haifiki. Nitawapa siri: ifungue stepla mpaka iwe bapa, laza karatasi zako juu ya kipande cha boksi nene, gonga pini mbili katikati kwenye mkunjo, zinyanyue karatasi pamoja na pini zake taratibu kutoka kwenye boksi, kisha zikunje pini kwa kijiko. Nilitengeneza vijitabu 40 kwa jioni moja, vidole vikauma, lakini vikatoka safi.

Halafu vikanyamaza. Nilivisambaza kwa vinyozi wanne na kwenye kliniki mbili, namba ya simu nimeiandika nyuma, na kwa wiki tatu hakuna aliyepiga. Nikamwendea kinyozi mmoja nikamuuliza, je, watu wanasoma? Akasema wanasoma sana, tena mpaka mwisho. "Ni hadithi nzuri," akaniambia, "nimefurahi mtoto alipatikana." Nikaelewa. Sura yangu ya kwanza ilimalizika vizuri mno! Mtoto anapotea ukurasa wa pili, anapatikana ukurasa wa kumi na tano, msomaji anaridhika, anakirudisha kijitabu juu ya meza, anakwenda kunyolewa. Nikarudi nyumbani, nikakata kurasa mbili za mwisho, nikaishia pale mama anapoliona kandambili la mtoto kando ya kisima. Chini yake namba ya simu. Siku ya nne, saa tatu usiku, simu ikaita. Sauti ya mama mtu mzima, hakusalimu hata: "Wewe ndiye mwandishi? Yule mtoto alipatikana?" Nikamwambia, mama, shikamoo. Akasema, "Marahaba. Alipatikana?"

Alinunua nakala mbili. Moja akampa dada yake, na dada yake ana kikundi cha wanawake kumi na wawili. Mnaona kilivyokwenda?

Na alamisho je, kile kipande cha kuwekea alama ukurasa ulipoishia? Alamisho ni ndogo lakini haidharauliki. A4 moja ukiilaza na kuikata sehemu tano inatoa alamisho tano, upana karibu sentimita 6, urefu 21. Karatasi ngumu 100 ni alamisho 500. Ila nawaomba, msiweke picha zenu. Mtu anayesoma kitabu cha mwingine hataki uso wako umkodolee macho kila akifungua. Weka sentensi moja ya kitabu, ile inayouma. Jina la kitabu. Na mahali kinapopatikana. Basi.

Njia ya tatu ni shule, na hapa wengi wetu tunajiharibia wenyewe. Tunaingia ofisini kwa mwalimu mkuu na begi la vitabu, tunamwambia, "Nina kitabu, naomba wanafunzi wanunue." Mwalimu mkuu ameshawaona wauza vitabu wengi, wauza madaftari, wauza sare. Wewe ni wa kumi na moja mwezi ule.

Christopher Paolini alikuwa kijana mdogo tu pale familia yake, huko Montana, Marekani, ilipoichapisha riwaya yake ya joka mwaka 2002. Hawakuwa na jina wala mtaji mkubwa. Alizunguka kwenye shule na maktaba, mikutano zaidi ya 100, akiwa amevaa mavazi ya zama za kale kama mtu aliyetoka ndani ya hadithi yake. Hebu vaeni macho ya mtoto wa darasa: mlango unafunguka, anaingia mtu wa ndani ya kitabu! Katika kuzunguka huko, nakala moja ikaangukia mikononi mwa kijana ambaye baba yake wa kambo alikuwa mwandishi mashuhuri, Carl Hiaasen. Kijana akaipenda, Hiaasen akawashtua wachapishaji wake, na mwaka 2003 riwaya ikatolewa upya na kampuni kubwa. Hakuna aliyepanga kumfikia Hiaasen. Kilichopangwa ni kwamba kila siku kitabu kifunguliwe mbele ya watu wapya.

Siwaambii mvae majoho. (Mzee wangu pale mbele ananitazama kana kwamba nimemtajia yeye.) Nawaambia muingie shuleni na kitu cha kutoa kabla ya kitu cha kuuza. Mpe mwalimu wa lugha somo la dakika arobaini: namna ya kuanza insha, namna ya kuandika mazungumzo. Tumia kurasa zako kama mifano, pamoja na rasimu zako mbovu. Onyesha jinsi ulivyofuta. Watoto wanapenda sana kumwona mtu mzima aliyekosea! Wiki moja kabla, mwachie mwalimu karatasi ya kupeleka nyumbani kwa wazazi, anayetaka nakala ajaze jina la mtoto, na siku ya somo uje na nakala zilizoagizwa tu, zikiwa na sahihi na jina la mtoto limeandikwa ndani. Mtoto ambaye jina lake limeandikwa ndani ya kitabu hakitupi. Na asiye na uwezo wa kununua, acha nakala mbili maktaba ya shule, asome huko.

Maduka ya vitabu nitayapita haraka. Yana faida yake, lakini mwenye duka atataka mali kauli: unamwachia, akiuza anakulipa, anabaki na asilimia 30 au 40, na wengine hupanda zaidi. Ni haki yake, analipa pango. Wewe ushike daftari. Tarehe, idadi, sahihi yake, sahihi yako, na kila mwezi unapita. Mimi niliwahi kuacha nakala 30 bila maandishi, kwa kuaminiana. Nilipopita baada ya miezi minne, pale dukani palikuwa pakiuzwa matairi. Jambo moja zaidi juu ya maduka: mpe muuzaji nakala ya bure, huyu anayesimama kaunta, si bosi wake. Muuzaji aliyekisoma atakifungua mbele ya mteja bila wewe kuwepo.

Na hapo tumegusa nakala za bure, donda letu sote. Rafiki zako wote wanataka ya bure, si ndiyo? "Nipe changu nikuunge mkono." Amua kabla kitabu hakijatoka kiwandani. Katika 500, tenga 25, ziandikie orodha, zikiisha zimeisha. Na orodha ile usiijaze wakubwa. Mgeni rasmi wangu nilimpa nakala mbili, najua mpaka leo ziko ndani ya nailoni. Wape watu ambao kazi yao ni kuzungumza na watu: kinyozi, mkutubi, mwalimu, mtangazaji wa redio. Mtangazaji mpelekee pamoja na karatasi ya maswali matano unayoyaweza, kwa sababu hatakuwa na muda wa kukisoma chote, na ukiwa hewani omba dakika mbili usome.

Na msijisifu wenyewe kwa majina ya kuazima. Mshairi Walt Whitman alijichapishia kitabu mwaka 1855, tena baadhi ya herufi alizipanga kwa mkono wake kiwandani. Akaandika uhakiki wa kukisifu kitabu chake mwenyewe bila kutia jina. Mwaka uliofuata akachukua maneno ya barua binafsi aliyoandikiwa na Emerson, mwandishi mashuhuri wa wakati ule, akayachapa kwa dhahabu kwenye mgongo wa toleo la pili, bila kuomba ruhusa. Alikuwa mshairi mkubwa, na mjanja mkubwa. Ninyi ombeni ruhusa. Mama yule wa kandambili nilimwomba, na maneno yake sasa yako nyuma ya jalada langu: "Sikulala." Hakuna profesa angenipa neno zuri kuliko hilo.

Mtu ataniuliza, nianze na nakala ngapi? Mimi nilichapa 500 kwa sababu kila mtu alichapa 500. Beatrix Potter, baada ya hadithi yake ya sungura kukataliwa na wachapishaji, alijilipia nakala 250 Desemba 1901, akazipeleka kwa jamaa na marafiki. Hazikukaa. Baada ya miezi miwili hivi akachapa 200 nyingine, na Oktoba 1902 mchapishaji akaitoa rasmi. Na hadithi yenyewe ilianza kama barua kwa mtoto mgonjwa mwaka 1893. Msomaji mmoja! Zikichapwa chache, utalazimika kuona kila moja inakwenda kwa nani. Zikiwa 500, unaona maboksi tu.

Nimeambiwa nimebakiwa na dakika kumi za maswali. Naomba nizitumie vingine, mwenyekiti aniwie radhi. Wewe dada wa safu ya nyuma, uliyeshika kitabu kifuani tangu nianze. Ndiyo, wewe. Ni chako? Umekiandika wewe? Mbona bado kina nailoni?

Ichane. Njoo hapa mbele, kipaza sauti hiki hapa. Usituambie kinahusu nini. Fungua ukurasa unaoupenda, una dakika nane.